Chombo cha angani kikianguka Kampala: mwongozo wa sajini kwa kikosi cha kwanza kufika

Tuseme ni Jumamosi saa tisa mchana, soko la Owino limejaa mpaka pa kukanyaga hamna, alafu kitu kinashuka kutoka juu kinavunja kona ya soko na pua yake inaingia kwenye mfereji wa Nakivubo. Watu wa ndege Entebbe wanasema hawana ndege iliyopotea, hakuna nchi inayokiri roketi, na hicho kitu hakifanani na chochote ulichowahi kuona. Wewe ni sajini, una vijana 28, lori moja na pikapu moja, na afande kwenye redio anauliza, "Unaona nini?"

Mi nimestaafu, niko Luweero na kahawa yangu na kuku, lakini miaka mingi nilivaa kombati na kazi ya kuzingira mahali pa ajali nimeifanya mara nyingi kuliko nilivyopenda. Vijana wangu wa zamani wananipigia simu wakitoka kutazama picha za Wamarekani wanapigana na viumbe wa kijani, wanauliza afande ingekuwa hapa tungefanyaje. Sa nimeamua niandike mara moja niache kurudia. Chombo chenyewe sijakiona, sijadanganya kwamba nimekiona, hapa natumia vitu vilivyoanguka kweli na watu waliovikimbilia kweli, maana binadamu ni yule yule hata kitu kikiwa kigeni. Na kabla hujafika kwa huyo kiumbe kuna watatu wanakungoja: umati wenye simu, vijana wa skrepu, na huo mfereji. Ukiwaweza hao, kiumbe utamkuta ametulia anakusubiri.

Kabla buti hazijagusa lami

Dereva wa jeshi ana ugonjwa mmoja, anataka akufikishe mlangoni. Mwambie asimame mbali. Shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, IAEA, lina vipimo vyake kwa wanaofika wa kwanza na mi navipenda kwa sababu ni namba unazoweza kushika kichwani: kitu cha mionzi kiko wazi tu chini, zunguka mita 30, kimemwagika sana, mita 100, kuna moto au mlipuko au moshi, mita 300, unashuku bomu, mita 400. Sasa chombo ambacho hujui kinaendeshwa na nini, kinafuka moshi na kinalia lia, we chukua ile kubwa. Mita 400. Lori libaki Clock Tower, mwendo uliobaki ni wa miguu.

Kwa nini Clock Tower na sio upande wa Old Kampala? Upepo. Mchana Kampala upepo wa ziwa unapanda kutoka kusini kwenda kaskazini, kwa hiyo ukitokea Clock Tower au Katwe moshi unakukimbia, ukitokea upande wa pili unakujia usoni. Usiku mambo yanageuka, hewa inateremka kurudi ziwani, kwa hiyo mahali ulipoweka kituo chako saa tisa mchana panaweza kuwa pabaya saa tano usiku. Lakini usiniamini mimi, tafuta muuza rolex, zile chapati za mayai, kila kona yupo, angalia moshi wa jiko lake umelala upande gani. Huo ndio mshale wako. Kila nusu saa mtu mmoja aangalie tena.

Alafu kumbuka katikati ya Kampala pote ni bonde. Gesi nyingi za hatari ni nzito kuliko hewa, zinashuka zinalala chini kama maji, zinajaa kwenye mfereji na vyumba vya chini vya maduka. Kwa hiyo kituo cha kamanda kiwe mlimani kidogo, na mtu wa darubini mpeleke juu zaidi, ule mnara wa msikiti wa Old Kampala unaona mji mzima, ila afike kwa kuzunguka mbali na moshi na akiona moshi unamfuata ashuke haraka.

Silaha: sefti imefungwa, hakuna anayepiga risasi bila sauti ya kamanda mmoja ambaye kila mtu anamjua kwa jina. Na hiyo tabia ya kupiga hewani kutawanya watu, achaneni nayo kabisa siku hiyo. Risasi inayopanda inashuka kwenye bati la mtu Mengo. Na chombo chochote cha kuruka kina matangi, hata kama ni ya watu wa Mirihi, lazima nguvu iwekwe mahali fulani, na mahali hapo si pa kutoboa.

Kamba

Hapa nikae kidogo maana hapa ndipo watu wanakufa.

Mwaka 2013 mwezi wa sita, lori la petroli lilipata ajali Namungoona, watu wakaja na jerikeni kuchota, likawaka, wakafa zaidi ya 30. Wote waliokuwa Kampala mwaka huo wanakumbuka. Miaka mingine, barabara nyingine, nilipangwa kwenye ajali kama hiyo ila ndogo, tanki limelala pembeni linavuja taratibu. Nilikuwa koplo. Tulikuwa na kamba fupi, ile ya kufungia mizigo kwenye lori, nikaifunga pale ilipofika, hata mita 20 haikuwa. Nikaona kazi imeisha. Baada ya dakika kumi watu wako kifuani kwetu, akaja mama mmoja mzee na jerikeni ya njano ya lita tano, amevaa gomesi, hana hata haraka, ananiambia, "Mwanangu, lita tano tu, za taa." Nikamwambia mama rudi nyuma hii itawaka. Akaniangalia akasema, "Wewe mbona umesimama hapo?" Sikuwa na jibu. Kweli, kama ni hatari mbona afande amesimama palepale? Ile siku Mungu alitusaidia, haikuwaka, lakini nilijaribu kuisogeza kamba nyuma na haikusogea hata hatua moja, umati ukishazoea mahali ni kama umejenga.

Kwa hiyo: kamba ya kwanza iwe mbali kuliko unavyofikiri inafaa. Kuipunguza baadaye ni rahisi, watu watafurahi, kuiongeza ni vita. Na askari wako wasisimame mahali ambapo unawakataza raia kusimama, wasimame upande wa raia wakiangalia raia, migongo kwa chombo, najua inauma, kila mtu anataka kuona, lakini lindo linaloangalia chombo ni mtazamaji tu mwenye bunduki.

Watu wa Owino utawaondoaje? Hawatoki kwa kelele. Na hapa niseme kitu ambacho sisi wa Kiswahili hatupendi kukisikia. Hii lugha yetu ya kambini, kwa mtu mzima wa Kampala ni lugha ya mtu aliyemgongea mlango usiku enzi za Amin. Ukimfokea "Toka! Rudi nyuma!" anasikia mwizi, hatoki, anakumbatia mzigo wake. Kiswahili kibaki kwenye redio na kati yetu. Kwa raia tafuta mwenyekiti wa LC1, yaani wa mtaa, na mwenyekiti wa wauzaji, hao ndio wanajua nani ana duka wapi na nani ana mtoto amelala chini ya meza, mpe megafoni yeye aseme kwa Kiganda, "Bassebo ne bannyabo", yaani mabwana na mabibi, mambo yataenda. Vipo pia vizindaalo, zile spika juu ya mlingoti zinazotangaza misiba na watoto waliopotea, zinafika kwenye vichochoro ambavyo megafoni yako haifiki. Tangazo liwe fupi na liseme waende wapi, sio tu waondoke. "Ondokeni" peke yake inatawanya watu pande zote, wengine wanarudi kwa nyuma. "Pandeni kuelekea Clock Tower, mkono wa kulia, msikimbie", hiyo inatembeza watu.

Bodaboda wape kazi. Kijana wa boda usipompa kazi atabeba watazamaji watatu watatu kuwaleta. Mwite chamani wa steji, mkubwa wao pale kituoni, mwambie chamani nakupa barabara hii, hakuna pikipiki inapita bila wewe, utashangaa anavyoilinda kuliko mapolisi.

Gesi ya machozi hapana. Sababu ya kwanza, watu watakimbia bila kuona na mfereji uko pale. Sababu ya pili ndio kubwa: wakianza kukohoa na kutokwa machozi hutajua tena kama ni wewe au ni chombo. Umejitoboa macho mwenyewe. Macho yanayowasha ya mtu aliyekuwa karibu ndio kipimo chako cha bure cha hewa, usikiharibu.

Simu je? Huwezi kunyang'anya simu 5000, usijaribu, kwanza utapigwa picha ukinyang'anya. Watengee kona nje ya kamba wapige wanavyotaka. Alafu tuma kijana mmoja mwenye adabu akapite pale aulize, ssebo, nnyabo, nani alipiga video kikiwa bado juu? Hizo video ndio dhahabu. Zinakuonyesha kilitokea upande gani, kilikuwa kizima au kimeshaanza kumeguka, moshi ulikuwa rangi gani, na kitu gani kilidondoka kabla.

Vipande

Maana vitu vya angani haviangukagi pamoja. Columbia, chombo cha Marekani cha kwenda angani, ilipovunjika tarehe 1 Februari 2003 waliokota vipande zaidi ya 80,000, vimetapakaa Texas mpaka Louisiana. Satelaiti ya Wasovieti, Cosmos 954, ile iliyokuwa na kinu cha nyuklia ndani, ilianguka Kanada Januari 1978 ikatawanya takataka za mionzi kwenye mstari wa kilomita kama 600. Pima kilomita 600 kutoka Owino uone unatoka Uganda kwa upande gani. Kwa hiyo wakati wewe unalinda pua ya chombo kwenye mfereji, mkia unaweza kuwa kwenye shamba la matooke Mukono na mtoto amekaa juu yake.

Na kwetu imeshatokea, sio hadithi. Tarehe 14 Agosti 1992 mawe ya angani yalinyesha Mbale, kubwa lao lilipita kilo 27, na mtoto mmoja alipigwa kichwani na kijiwe cha gramu kama tatu na nusu ambacho kilikuwa kimeshapunguzwa nguvu na majani ya mgomba. Hakuumia. Mgomba ulimwokoa bambi. Lakini sehemu ambayo kila kamanda anatakiwa aijue ni iliyofuata: watu waliyasaga yale mawe wakala na wengine wakajipaka, wakiamini Mungu ameyatuma kuponya ukimwi. Ilikuwa 1992, kila nyumba ina mgonjwa, unamlaumu nani. Ila yale yalikuwa mawe tu. Kipande cha kinu kama cha Cosmos ukikisaga ukakila, hiyo ni habari nyingine. Kwa hiyo tangazo lako la FM siku hiyo lazima liseme wazi kabisa: sio dawa, usile, usipake, usiweke chini ya kitanda.

Vijana wa skrepu sasa. Nawaheshimu sana watu wa Kisenyi na Katwe, wale wanatengeneza sufuria, milango na majiko kutoka chochote, na ndio maana nawaogopa. Chombo kimetoka nyota ya mbali, kimesafiri miaka elfu, kikilala usiku mmoja Kisenyi bila lindo asubuhi ni sigiri na mabirika. Kuwatisha hakusaidii, watakuja kwa mgongo wa usiku. Mi naunga mkono kulipa. Tangaza kwamba anayejua kilipo kipande asikiguse, aonyeshe tu, na atalipwa zaidi ya bei ya kilo ya skrepu. Sisitiza kuonyesha, usiseme kuleta, ukisema kuleta watakuja nacho kwenye taksi kimefungwa kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, wamekaa abiria 14.

Wakenya walikuwa na bahati na ile pete ya chuma iliyoanguka kijiji cha Mukuku, Makueni, tarehe 30 Desemba 2024. Mita mbili na nusu upana, kilo kama 500. Ilikuwa nzito mno mtu kuibeba, watu wa shirika lao la anga wakaja wakaichukua wakaeleza kwamba ni kipande cha roketi. Sisi tusitegemee uzito.

Mfereji

Hili watu wote wanalisahau kwa sababu halionekani kwenye picha za sinema. Nakivubo inapita katikati ya mji, inateremka Bugolobi, inaingia kwenye mafunjo ambako watu wanalima mayuni, alafu inamwagika ghuba ya Murchison. Na ghuba hiyo hiyo ndiko mitambo ya Ggaba inakovuta maji ambayo Kampala inakunywa. Kwa hiyo kama hicho chombo kinavuja chochote, kitu cha kwanza kufika kwa watu milioni sio kiumbe, ni bomba.

Vijana sita, viroba vya mchanga, ziba mfereji chini ya chombo, mbali kidogo, mahali ambapo unaweza kufanya kazi bila kuvuta ule moshi. Huwezi kuuzuia wote, ni mkubwa, lakini unapunguza kasi na kupata muda. Wakati huo huo redio iite watu wa maji, NWSC, waambiwe kuna nini na saa ngapi kilianguka, wao ndio wataamua kufunga au kuendelea. Na umeme, piga UEDCL wazime laini ya eneo lile, nyaya zimeanguka kwenye maji na askari wako wamevaa buti zilizotoboka, tunajuana.

Na tazama mawingu. Mvua ya Kampala ikishuka vile viroba vyako vinakwenda Luzira. Kukiwa na wingu jeusi juu ya ziwa kazi ya mfereji inatangulia kila kitu, hata kabla ya kusogelea chombo.

Wawili wanakwenda

Sio kumi. Wawili, na wawili wengine wamevaa tayari wanasubiri kuwatoa. Aliyeoa jana asiende, na anayetaka sana kwenda pia asiende.

Nguo tunazo, nchi hii imepambana na Ebola tangu Gulu 2000, Mubende 2022 na kwingine, wauguzi wetu wanajua kuvaa na kuvua zile suti nyeupe kuliko karibu mtu yeyote duniani. Mwite mmoja wao asimamie. Kuvaa sio tatizo, ni kuvua, ndipo watu wengi wanajipaka kile walichokuwa wanakikimbia, kwa hiyo mtu anavua pole pole, mwenzake anamwangalia na kumsomea hatua moja moja kama mtoto. Lakini ujue suti ya Ebola inazuia majimaji, haizuii mionzi. Kwa mionzi unahitaji mashine, ile inayolia tik tik. Hewa ya kawaida inasoma kama mikrosievati 0.1 au 0.2 kwa saa, hicho ndicho kipimo cha mionzi. Unatembea ukiisoma kwa sauti kwenye redio, 0.2, 0.3, 1, 5. Ikifika 100 unasimama, unapaka alama chini, unarudi, hapo ndio mpaka wa ndani na asiyeokoa mtu havuki. Rahisi: mbali mara mbili, mionzi inapungua mara nne. Miguu yako ndio ngao ya kwanza.

Ukiwa huko usiguse. Ukiona barafu au ukungu umeganda kwenye chuma mchana wa jua, kuna kitu cha baridi kali ndani, kinaunguza kama moto. Ukisikia harufu kama ya amonia au samaki aliyeoza rudi mbio, mafuta ya satelaiti zetu wenyewe yanaitwa haidrazini yananuka hivo, na ukishayanusa ujue ulishapita mahali pa kusimama. Wao huenda hawatumii haidrazini, sawa, lakini pua ikishtuka iheshimu. Wazima moto watataka kumwaga maji, mwombe kamanda wao kwa heshima asubiri, kuna madini yakiguswa na maji ndio yanawaka vizuri. Wapoze majengo ya jirani kwanza.

Dakika 15, kuna mtu na saa mkononi, akisema toka mnatoka hata kama mmebakiza hatua mbili kuona ndani.

Na jiki. Kila mtu atataka kumwaga jiki kwa sababu ya Ebola. Jiki inaua vijidudu, kemikali haiijali, na zipo kemikali za roketi, hiyo haidrazini ikiwa moja, ambazo ukizichanganya na jiki kali unapata moto wa bure. Kwanza maji mengi na sabuni. Majeruhi pia hivo hivo: vua nguo za nje, osha, funga blanketi, ndio apande gari kwenda Mulago. Ukimpeleka na vumbi lake umefunga kasualti ya hospitali nzima.

Mlango ukifunguka

Haya, swali mnalotaka wote. Akitoka.

Kaa pale ulipo. Bunduki chini, vidole nje ya kifyatulio, mikono ionekane, ingawa sijui kama yeye anajua mikono ni nini. Usimpungie taa, usimpe soda, usimwimbie wimbo wa taifa. Wanasayansi wa anga walikubaliana tangu 1989 kwamba hata ishara ya redio kutoka kwa viumbe wengine isijibiwe mpaka mataifa yashauriane, na mi naona kama redio haijibiwi basi sajini ndio kabisa asianze mazungumzo. Kazi yako ni kwamba hakuna anayemgusa na yeye hagusi mtu. Akitembea, mpishe, rudini nyuma kwa umbali ule ule, kamba inatembea na yeye.

Akiwa ameumia, hilo gumu, roho itakusukuma. Siwezi kukwambia umwache. Ila anayekwenda ni yule mwenye suti, na akishakwenda harudi kwenye kikosi, anahesabiwa naye. Wale wa Apollo 11 mwaka 1969 walifungiwa siku 21 tangu waondoke mwezini kwa kuogopa vijidudu, ni siku 21 zile zile tunazomfuatilia aliyekutana na mgonjwa wa Ebola, sisi tunaijua hiyo namba kwa moyo. Lakini chombo chao kilipotua baharini mlango ulifunguliwa palepale hewani, kama kulikuwa na mdudu alishaondoka zake. Kwa hiyo karantini ianze mlangoni kwenyewe, ukingoja hema lifike umechelewa. Na ukumbuke inaweza kuwa kinyume, mafua yetu ya kawaida yakammaliza yeye.

Sheria? Upo mkataba wa 1968 wa kuokoa wanaanga na kuwarudisha kwa waliowatuma. Huyu umrudishe kwa nani sasa. Upo wa 1972, mwenye chombo analipa alichoharibu, Kanada waliwadai Wasovieti kama dola milioni 6 za Kanada kwa ile Cosmos na 1981 wakapewa milioni 3. Andika hasara za Owino kibanda kwa kibanda hata hivyo, na majina ya wenye vibanda, kuna siku mtu atauliza.

Maneno kwenye redio

Sema unachoona, usiseme unachofikiri. Mwaka 1947 huko Roswell, Marekani, ofisi ya habari ya jeshi ilitangaza wameokota sahani inayoruka, muda mfupi baadaye wakasema ni puto, na mpaka leo zaidi ya miaka 70 kuna watu hawajawahi kuwaamini tena, hata walipokuja kueleza kwamba lilikuwa puto la siri la kupeleleza majaribio ya nyuklia. Neno la kwanza ndilo linalobaki. Kwa hiyo iwe hivi:

"Afande, hapa Simba Mbili. Kitu cha chuma, urefu kama mabasi mawili, pua iko kwenye mfereji. Moshi mweupe, unaelekea Old Kampala. Hakuna moto. Majeruhi niliowaona saba, wote raia. Kamba mita 400, upande wa mashariki bado wazi. Naomba viroba, mashine ya mionzi, na mtu wa maji."

"Simba Mbili, ni chombo cha nani?"

"Sijui afande."

"Kuna mtu ndani?"

"Sijaona afande."

Hapo unanyamaza. Afande atakasirika, ndio kazi yake. Neno la kiumbe lisitoke kwenye redio yako hata kama kijana wako anakuvuta mkono anasema sajini nimeona jicho. Mwulize jicho liko wapi, saa ngapi, umbali gani, andika kwenye daftari.

Kubadilishana

Wakubwa watafika, na wanasayansi, na wageni wenye pasi shingoni. Kila anayevuka kamba anaandikwa jina, saa ya kuingia na saa ya kutoka, hata awe na nyota ngapi begani. Kijana wa daftari awe mkaidi, mi nilikuwa naye mmoja Mteso hakuna jenerali angempita bila kusaini, nilimpenda sana.

Hakuna kula ndani ya kamba, hata karanga, hata sigara. Lindo libadilishwe kila saa mbili, askari mwenye njaa na usingizi ndiye anayeanza kusogelea kitu. Kabla hujakabidhi hesabu vijana wako wote kwa majina, mmoja mmoja akujibu kwa mdomo wake, alafu orodha ya waliokaribia inabaki kwa watu wa afya ili wapigiwe simu kila siku mpaka siku ya 21.

Kombati na buti za waliokuwa karibu haziendi nyumbani. Zinavuliwa palepale, zinafungwa kwenye kaveera mbili, zinaandikwa jina. Utakuwa na wanaume sita wamesimama Clock Tower na chupi saa tatu usiku. Sasa uko Owino ndugu, soko kubwa la mivumba, nguo za mitumba, nchini. Mtafute mmoja wa wale wauzaji uliowahamisha, ana mzigo wake pembeni ya barabara ameukalia, mwombe suruali sita na sapatu, yaani ndala, jozi sita, atakuletea. Atakuuliza saizi. Mwandikie risiti, na kesho rudi umlipe.